Daftari la shukrani la siku 90 kwa vijana: tumelitumia mpaka mwisho, haya ndo niliyoyaona

Nimejizuia kuandika hii rivyu mpaka siku zote 90 ziishe, maana nilikuta watu wengi wanaandika baada ya siku mbili tatu, wanasifia kava na stika, sasa kava na stika kila mtu anaziona kwenye picha, mzazi anachotaka kujua ni kama mtoto ataandika kweli na kama kitamsaidia. Mi nilinunua mawili kwa pamoja, moja la binti yangu wa miaka 14 na lingine la kaka yake wa miaka 16. Jina la waliolitengeneza silitaji, madaftari ya aina hii yako mengi sana na mpangilio wake unafanana, kwa hiyo hata ukikutana na la wengine haya yatakufaa.

Lilivyo ni hivi. Kava gumu, utepe wa kuwekea alama, kila siku na ukurasa wake. Juu kuna tarehe, chini yake vikatuni vitano vya sura uzungushie unavyojisikia, afu mistari mitatu inayoanza "Leo nashukuru kwa", afu chini kabisa msemo wa siku. Kila zikitimia siku saba kuna ukurasa wa wiki, huo nitaurudia kwa sababu ndo uliofanya nisijute kununua. Kuna kurasa nne za barua zilizotobolewa pembeni ili uchane vizuri bila kuharibu daftari, na kila mwisho wa mwezi kuna sehemu ya mzazi kusaini. Karatasi ni nyepesi, ukiandika na peni ya wino mwingi inatokea upande wa pili, tumia peni ya kawaida tu. Kwenye ubora wa kitu chenyewe sina la zaidi.

Sasa nyuma ya kava wameandika kwamba limethibitishwa kisayansi na kwamba ndani ya siku 21 kijana wako atakuwa mtu mwingine. Hapo ndo nilisimama. Siwezi kumpa mtoto kitu kinachogusa afya ya akili yake kwa kuamini maneno ya kava, nikakaa usiku kadhaa nasoma tafiti zenyewe zilisema nini, na nimeona niwaeleze kwa sababu ukijua chanzo chake unajua pia daftari ulitumieje.

Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough uliotoka 2003. Wanafunzi wa chuo waligawanywa, kundi moja likaandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, kundi lingine likaandika kero, lingine matukio ya kawaida tu, wiki 10. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla vizuri zaidi na wakawa na matumaini na wiki inayokuja. Hizo siku 21 kwenye hiyo ripoti zipo, ila ni kwenye jaribio la tatu, na waliofanya walikuwa watu wazima wenye magonjwa ya neva na misuli, si matineja. Kwa hiyo mtu akikuambia siku 21 zinambadilisha kijana wako mwambie akuonyeshe.

Wa vijana wenyewe ni wa 2008, Jeffrey Froh, William Sefick na huyo huyo Emmons, walienda kwa wanafunzi 221 wa darasa la 6 na la 7 Marekani, madarasa 11, wakafanya kila siku kwa wiki 2. Walioandika shukrani waliridhika zaidi na shule na hali hiyo ilikuwepo hata wiki 3 baadaye. Hilo ni zuri na mi lilinipa moyo. Ila soma taratibu, kwenye mambo mengi tofauti kubwa ilikuwa kati ya walioandika shukrani na walioandika kero, sasa ukimwambia mtoto aandike kero kila siku kwa wiki mbili lazima atajisikia vibaya jamani, ila ukiwalinganisha na wale ambao hawakupewa zoezi lolote pengo linakuwa dogo. Yaani kitu kinafanya kazi, ila kinafanya kazi kidogo kidogo, na hilo kidogo lina thamani mtu asipolipakia mzigo lisiloweza kuubeba.

Turudi nyumbani. Wiki ya kwanza binti aliandika kwa raha kabisa, nilikuwa namuona amejikunja kitandani na peni mdomoni anafikiria. Wiki ya pili ikaenda. Wiki ya tatu akanijia mwenyewe akasema "mama hii imekuwa homuweki, najaza tu familia afya marafiki, familia afya marafiki, ili nimalize nilale". Kwanza nilitaka kumwambia avumilie, maana ndo tunavyowafundisha, ukianza kitu maliza. Ila nilikuwa nimesoma kwamba Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza mwaka 2005 jaribio la wiki 6 ambapo waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki ndo walioongezeka furaha, waliofanya mara tatu kwa wiki hawakupata kitu. Ukifikiria inaeleweka, kitu ukikirudia sana akili inakizoea, unaanza kuandika neno na siyo kuhisi. Hili daftari linataka mistari mitatu kwa siku mara siku 90, hiyo ni mistari 270, mtu mzima gani anaweza kupata mambo 270 mapya bila kuanza kujaza tu?

Kwa hiyo tulikubaliana kitu, kurasa za kila siku aandike akitaka, ila ukurasa wa wiki ajaribu kutoukosa. Kuanzia hapo daftari lilibadilika kabisa.

Ukurasa wa wiki hauulizi unashukuru kwa nini. Unauliza nani. Nani alikufanyia jambo wiki hii bila kulazimika, unadhani kwa nini alilifanya, ilimgharimu nini yeye, na wewe ilikusaidia nini. Maswali manne tu na nafasi ya kutosha ya kuandika. Baadaye nikakuta hii kitu haikutoka hewani, Froh na wenzake walichapisha 2014 utafiti ambao watoto wa miaka 8 mpaka 11 walifundishwa darasani kutazama mambo hayo hayo, nia ya aliyekusaidia, gharama aliyoingia na faida uliyopata, na shukrani yao ikaongezeka. Kama wa miaka 8 anaweza, wa miaka 14 anaweza zaidi. Kuna mwanasaikolojia wa Uswisi, Franziska Baumgarten-Tramér, mwaka 1938 aliwauliza watoto wa miaka 7 mpaka 15 unatamani nini kuliko vyote na ungemfanyia nini mtu atakayekupa. Wapo walioahidi kumpa vitu vyao wenyewe, na hao wengi ni wadogo. Wakubwa zaidi wakaanza kuwaza huyo mtu mwenyewe angefurahia nini. Hapo ndo umri wa balehe ulipo, mtoto anaanza kuingia ndani ya kichwa cha mwenzake, na daftari linalomwambia tu ajaze "nashukuru kwa afya" linamrudisha nyuma kwenye utoto wakati akili yake imeshafika mbali.

Mfano alionisomea mwenyewe kwa hiari, aliumwa siku nne akakosa shule, akarudi akakuta rafiki yake amemnakilia noti zote kwa mkono. Kwenye swali la gharama akaandika kwamba ilimgharimu mapumziko yake yote na mkono ulimuuma, afu akasimama hapo, akaniambia "mama mi nilimwambia tu asante nikachukua, sikuwaza kabisa kwamba alikaa ndani wenzake wanacheza". Hicho kimya chake kwangu kilikuwa na uzito kuliko kurasa zote za mwanzo.

Afu zikaja barua.

Ukurasa wa barua unasema chagua mtu aliyekusaidia ambaye hujawahi kumshukuru ipasavyo, mwandikie, ukiweza mpelekee umsomee. Binti alikaa nao wiki mbili bila kuandika kitu. Siku moja jioni akanijia ananiuliza kama naweza kumsindikiza shule yake ya zamani, namuuliza kufanya nini, ananiambia kumpelekea barua mama wa maktaba. Mi nikashangaa, huyo mama wa maktaba sikuwahi kumsikia hata siku moja. Ndo akanipa barua nisome.

Kumbe mwaka wa mwisho pale shuleni mwanangu alikuwa hana mtu. Wale marafiki aliokuwa nao walimtenga, mi nilijua waligombana kidogo wakapatana, kumbe hawakupatana, na kila mapumziko alikuwa anaenda maktaba kwa sababu uwanjani hakuwa na pa kusimama. Sheria ilikuwa maktaba inafungwa wakati wa mapumziko. Yule mama alikuwa anaacha mlango haujafungwa kabisa, hakuwahi kumuuliza kwa nini yuko peke yake, alikuwa anamwachia tu kitabu kwenye meza ile ile ya pembeni. Mwaka mzima. Kwenye barua ameandika kwamba "sikujua kama ulikuwa unakula saa ngapi maana ule ndo ulikuwa muda wako wa kula".

Nililia, sifichi. Nililia kwa shukrani kwa yule mama na nililia kwa sababu mwaka mzima nilikuwa namuuliza mtoto "shule vipi" ananijibu "poa" na mi naridhika. Sikutegemea kwamba zoezi la kushukuru lingeniletea habari ya maumivu, ila ndo hivyo, ukimuuliza kijana nani alikushika mkono atakuambia na pale alipokuwa anaanguka.

Kabla ya kwenda aliogopa sana, anasema "ataniona wa ajabu, atakuwa amesahau mi ni nani, nitaanza kutetemeka". Hofu hii ni ya karibu kila mtu, Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha 2018 kwamba wanaoandika barua za shukrani wanadhani mpokeaji ataona aibu kuliko anavyoona kweli, na wanapunguza sana kukadiria furaha atakayoipata. Tulienda. Alisoma yote, katikati sauti ikakatika akaendelea. Yule mama alikumbuka meza, alikumbuka mpaka kitabu gani alikirudia mara mbili. Njiani kurudi binti hakuongea ila alikuwa amekaa wima, sijui niseme vipi, amekaa kama mtu aliyetua kitu.

Nisiwadanganye kwamba ilidumu milele. Martin Seligman na wenzake walipojaribu kitu hiki kwa watu wazima, matokeo yakatoka 2005, barua ya kupeleka mwenyewe ndo iliyopandisha furaha kuliko mazoezi mengine yote waliyojaribu, ila miezi mitatu baadaye ilikuwa imesharudi chini. Lile zoezi la kuandika mambo matatu mazuri kila usiku pamoja na sababu ya kila moja lilianza polepole ila likaendelea mpaka miezi sita. Hiyo "pamoja na sababu" ndo daftari letu limeisahau kwenye kurasa za kila siku na ni kosa kubwa, mstari mmoja tu wa "kwa nini" ungeokoa zile wiki za familia afya marafiki. Na kwa upande wa watoto, Froh na wenzake 2009 waliwapa barua hizi watoto na vijana 89, waliofaidika zaidi ni wale ambao toka mwanzo walikuwa na furaha kidogo, na miezi miwili baadaye bado ilionekana. Mtoto ambaye tayari ana furaha hana sana pa kupanda.

Sasa mabaya, na haya nataka watengenezaji wayasome kama wanapita hapa.

La kwanza ile sehemu ya mzazi kusaini. Iondoeni. Nilipoona binti siku ya 29 na ya 30 ghafla anaandika "nashukuru kwa mama yangu mpendwa" mara tatu kwa ukurasa nikajua anaandika kwa ajili ya jicho langu. Mtoto wa umri huu anajenga chumba chake cha ndani, ukimwambia mzazi atakagua basi kile chumba anakipamba kwa ajili ya mgeni. Nilisaini miezi yote mitatu siku hiyo hiyo bila kufungua kurasa nyingine, nikamwambia ni lako silisomi, na nimeshika neno. Wazazi wenzangu fanyeni hivyo hivyo.

La pili vile vikatuni. Sura tano, nne zina aina mbalimbali za tabasamu na ya tano imenuna kidogo. Hakuna hasira, hakuna hofu, hakuna uchovu. Na misemo ya chini ya ukurasa inasema mambo kama furaha ni uamuzi wako, sasa kijana aliyeamka kifua kinambana asome furaha ni uamuzi wake, si atajiona mkosaji?

Hapo ndo nifike kwa kaka yake, na sehemu hii imenigharimu kuiandika.

Yeye aliandika siku sita akaliweka. Nikamfuata, nikamsemea, nikamwambia yale maneno ambayo na mi niliambiwa, kwamba kuna watoto hawana hata robo ya ulichonacho na wanashukuru. Akanitazama akasema "mama mi najua ninavyo vyote hivyo, ndo maana nikiandika naona kama najidanganya, najiuliza mbona basi siko sawa". Akafunga mlango. Nilikaa pale nje nikaelewa nimetumia shukrani kama fimbo. Kijana wangu hakuwa mkosefu wa shukrani, alikuwa anaumia moyoni na hakuna aliyemuuliza, kulala hakulali, mpira ambao alikuwa hakosi alikuwa ameacha karibu miezi miwili, na mi niliona uvivu.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili. Na David Cregg na Jennifer Cheavens walikusanya tafiti 27 mwaka 2021 kuangalia mazoezi ya shukrani yanapunguza sonona na wasiwasi kiasi gani, wakakuta ni kidogo, wakashauri mtu mwenye dalili hizo atafute tiba yenye nguvu zaidi. Hayo maneno yalitakiwa yawe kwenye ukurasa wa kwanza wa hili daftari kwa herufi kubwa. Hakuna. Hakuna hata mstari mmoja unaosema kama umekuwa na huzuni wiki mbili mfululizo ongea na mtu mzima unayemwamini au mtaalamu. Kurasa mia na kitu, stika za nyota, na hakuna huo mstari.

Tulilifunga daftari lake tukaenda kwa mshauri nasaha. Bado anaenda. Mpira amerudi mara moja moja. Sitaeleza zaidi kwa sababu hiyo ni yake.

Kama unataka kununua, kwa kijana ambaye yuko sawa kwa kiasi chake na anapenda kuandika mi nampa daftari hili nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 zote ni za ukurasa wa wiki na barua. Mpe bila hotuba, usiulize ameandika nini, mwambie kurasa za kila siku siyo lazima, na kama unaweza andika na wewe barua moja, watoto wanatuangalia sisi kuliko wanavyosoma. Kwa kijana aliyebadilika, halali, hacheki, amejitenga, usinunue kwanza, kaa naye umsikilize na mtafutie msaada, daftari litamsubiri. Na kama pesa ni shida usihangaike, yale maswali manne nimeshayaandika hapo juu, yanakaa kwenye daftari lolote la shule.

Binti wa kwangu kurasa za kila siku karibu nusu ziko tupu. Barua amechana tatu. Ya nne bado imo, na juzi nilimuona anauliza kaka yake jina la pili la yule kocha wake wa zamani linaandikwaje.